Gurudumu la Mbele, Upande wa Dereva

Bay City, Michigan
Jumapili, Novemba, nimetoka misani sasa hivi

Kaka yangu Tad,

Pokea salamu zangu nyingi, na za nyumba hii ulimozaliwa. Mimi dada yako Bernadine ni mzima. Miguu inauma kidogo kwa kushinda kwenye kiti cha basi, lakini nakula na ninalala, kwa hiyo sina cha kulalamikia. Nataka kuamini kwamba na wewe huko Kodiak, Alaska, u mzima, kwamba ule mgongo ulioumia melini umetulia, na kwamba unavaa kofia ukitoka nje. Mama hayupo tena wa kukuuliza habari za kofia, basi nauliza mimi.

Simu yako nimepiga mpaka nimechoka kuongea na ile sauti inayoniambia niache ujumbe. Ndiyo maana nimekaa mezani kwa Mama na kalamu. Simu unaweza kuiacha ikalia, ila bahasha utaifungua, nakujua. Hata zawadi za Krismasi ulikuwa unazifungua kwa wembe usiku wa kuamkia sikukuu na kuzigundisha tena kwa gundi ya uji wa unga, ukidhani Mama haoni.

Nianze na lililo zito, ili nisije nikalizunguka karatasi nzima. Baba ni mgonjwa, Tad. Si kile kikohozi chake cha siku zote tulichokizoea. Mapafu yamechoka, na mwezi wa nane daktari aliniita pembeni akaniambia tusipange mambo ya Pasaka. Nilidhani Baba hajui, nikazunguka nyumbani siku mbili na uso wa mwizi. Kumbe alikuwa ameshamuuliza daktari mwenyewe, akajibiwa, na akamwambia kwamba nyama ya Pasaka hakuwahi kuipenda, ilikuwa chumvi tupu. Sasa anatembea na mtungi wa hewa wenye magurudumu na mrija puani. Mtungi anauita mbwa wake. Akitaka kwenda msalani anasema, "Twende, mbwa," na wanakwenda wote wawili.

Habari ya pili inahusu gari. Tafadhali usiikunje karatasi hii. Soma mpaka mwisho, ndipo uikunje ukitaka.

Huhitaji kukumbushwa habari za Chevelle, ila naandika ili ujue kwamba na mimi nakumbuka. Nakumbuka Baba alilinunua jipya mwaka aliorudi kutoka jeshini, jekundu, na kwamba sheria ya gari lile ilikuwa moja tu: haliingii kitu ambacho halikuzaliwa nacho. Nakumbuka maonyesho ya kiangazi pale kando ya mto, waamuzi wakipiga magoti na tochi zao wakichungulia mpaka alama za chaki walizoacha mafundi wa kiwandani, na Baba amesimama pembeni mikono nyuma kama bwana harusi. Nakumbuka alivyorudisha nati moja dukani kwa sababu kichwa chake kilikuwa na herufi ya mwaka mwingine. Sisi wengine tulikuwa na baba. Lile gari lilikuwa na baba na mama na daktari.

Na nakumbuka ile Oktoba ya mvua. Ulikuwa unaendesha wewe, Baba yuko pembeni, mmepita lile dimbwi refu karibu na mashamba ya viazi-sukari, na lori la viazi likatokeza njia panda bila kuangalia. Ulikanyaga. Breki za ngoma zikilowa zinakuwa kama hazipo, kila mtu wa huku anajua, na gari likaendelea kwenda. Uliligeuza likaingia shambani na wote mkatoka wazima, isipokuwa Baba aliyepasuka juu ya jicho. Alishonwa nyuzi chache. Wewe ulitetemeka wiki nzima, Mama alikuwa anakushikia kikombe.

Ukaenda kwa wavunja magari kule Flint, ukanunua kwa mshahara wako breki za Corvette iliyopata ajali ya nyuma, diski zake na vibanio vyote vinne vya kuzibana. Ukaja nazo uani kwenye maboksi, umefurahi, kwa sababu ulidhani unamletea Baba zawadi. Mimi nilikuwa mlangoni. Nilisikia alivyosema. Alisema mtu akishatoka kwenye maji anagusa breki polepole mpaka zikauke, kila mtoto anajua, na kwamba asiyejua kuendesha ndiye anayelaumu breki. Kisha akasema, "Usiguse tena gari langu." Nawe ukasema, "Basi baki nalo." Mama alikuwa ameshika sahani za chakula cha jioni, sahani tano kwa sababu mume wangu wa wakati ule alikuwa anakuja, na akasimama nazo pale pale mpaka gari lako lilipopotea. Imepita miaka kumi na moja. Ulirudi mara moja tu, kumzika Mama, ukasimama nyuma ya kanisa na kuondoka kabla ya chakula. Nilikukasirikia sana kwa hilo. Sikufichi, nilikukasirikia kuliko nilivyomkasirikia Baba, kwa sababu wanawake wa parokia walikuwa wamekutengea kabichi za nyama na kila mmoja alikuwa ananiuliza Tad yuko wapi.

Sasa sikiliza. Mwanzoni mwa Septemba Baba alinipigia simu nikiwa napumzisha basi mchana. Aliniuliza kama najua kutumia jeki. Nikamwambia naendesha basi la watoto wa shule karibu miaka ishirini. Akasema kuendesha ni kuendesha na kuinua ni kuinua, nijibu swali. Nikasema najua. Akasema, "Basi njoo Jumamosi. Tulifungie breki za Tad."

Nilidhani ni dawa zinazomsemesha. Nikamwomba arudie.

"Masikio yameziba? Breki za Tad. Zile za Corvette."

Jumamosi nilikwenda moja kwa moja ghalani, mahali ulipoyaacha maboksi, nikakuta sakafu tupu. Nikarudi ndani nikamwambia yametupwa au yameibiwa, na hata yangekuwepo, chuma kikikaa ghalani baridi zote hizo kinakuwa kutu tupu. Hakubishana. Alisema niangalie chini ya kitanda chake, upande wa Mama. Tad, mimi nimefagia chumba kile tangu Mama alipofariki, na yale maboksi nimeyapita na ufagio nikidhani ni viatu vyake vya baridi.

Nilikaa sakafuni nikayafungua. Hakuna kutu. Kila diski ilikuwa imepakwa mafuta na kufungwa kwenye shati, yale mashati mazito ya mistari anayovaa kila siku. La kwanza lilikuwa kuukuu, kola imeisha. La pili ninalikumbuka, alikuwa analivaa kwenye picha ya ndoa yangu ya pili. Nilipofika kwenye kibanio cha mwisho nikakuta shati la kijani nililompa mimi Krismasi iliyopita. Nilikuwa nimeshamsema kwa Duane jirani, kwamba mzee huyu ukimpa kitu hakivai, anasema kimepotea. Lilikuwa limelowa mafuta safi. Maana yake mwaka huu pia aliyatoa, akayafuta, akayafunga upya, akayarudisha chini ya kitanda, na kulala juu yake. Nilibeba maboksi nje nikamwambia yako sawa, naye akasema, "Sasa ulitegemea nini?"

Tulifanya kazi wiki nyingi, kwa sababu mimi si fundi na mchana wangu ni mfupi. Duane alijitolea kutufanyia kila kitu, unajua alistaafu gereji, lakini Baba akamwambia kazi hii ni ya watu wa nyumba hii na kwamba yeye anaruhusiwa kuleta kahawa. Kwa hiyo Duane akawa analeta kahawa na maneno. Siku moja aliniona nimelala chini ya gari na grisi mpaka kwenye nyusi akauliza, "Berni, unalitengeneza au limekugonga?"

Baba alikuwa anakaa mlangoni pa gereji kwenye kiti, blanketi la Mama magotini, mbwa wake pembeni. Nilijiandaa kutukanwa. Wewe unakumbuka alivyokuwa, spana iliyoruka ikapasua dirisha la ghala kwa sababu uliingiza nati upande. Nilikuwa nimejiambia kwamba siku atakaponirushia kitu nitavua ovaroli na kuondoka, mgonjwa au si mgonjwa. Lakini hakurusha kitu, wala hakusema kitu. Nikimuuliza alijibu. Nisipomuuliza alinyamaza, na mara nyingine nilipomuuliza alinirudishia, "Wewe unaonaje?" Katika maisha yangu yote mzee yule hakuwahi kuniuliza naonaje. Nilisikitika, Tad. Nilisema moyoni ugonjwa umeshafika kichwani, umemla ukali wote, na nikagundua kwamba ule ukali niliouchukia nilikuwa nautaka urudi.

Ringi za zamani hazikuweza kubaki. Diski za Corvette ni pana, ringi haziziingii, ikabidi ninunue kubwa zaidi. Niliogopa kumwambia. Aliniomba nimwekee ringi moja mapajani, akaifuta kwa kiwiko cha shati pole pole, akapapasa ule mfuniko wa katikati aliokuwa anauosha kwa mswaki. Halafu akasema niitundike ukutani. Nikasema waamuzi hawataliangalia tena gari hili. Akasema waache wakaangalie la Duane, lina kutu ya kutosha kuwashughulisha.

Basi ikafika Jumamosi ya kutoa hewa kwenye breki. Hapa nakuomba usome taratibu, kwa sababu ndipo barua yenyewe ilipo.

Unajua kwetu kazi hii ilivyokuwa. Mmoja anakaa ndani kwenye pedeli, mmoja analala chini kwenye gurudumu na spana ndogo, na aliye chini ndiye anayeanza kusema, kamwe si aliye juu. Anasema kanyaga, wa juu anajibu nimekanyaga. Anasema shikilia, wa juu anajibu nimeshikilia, na hapo wa chini analegeza skrubu, mafuta yanatoka na hewa yake, anakaza, anasema achia. Unaanza na gurudumu la mbali zaidi, unamaliza na la mbele upande wa dereva. Nadhani maneno hayo tuliyasikia mengi kuliko sala. Wewe ulipokuwa mdogo ulikuwa unawekewa mito ya kochi mgongoni ili mguu ufike.

Baba hawezi kulala chini, kwa hiyo alikaa yeye kwenye pedeli. Mtungi tuliuweka kiti cha abiria na yeye mwenyewe akaufunga mkanda. Nikalala chini nikasema kanyaga, nikamsikia, "Nimekanyaga." Sauti ilikuwa nyembamba, lakini ilikuwa ile ile.

Tulizunguka magurudumu yote manne. Mafuta yalitoka safi, hakuna povu, na pedeli bado likawa laini, linazama kama unakanyaga godoro. Tukazunguka tena. Laini. Jumapili baada ya misa tukarudia, laini vile vile. Kila akikanyaga nilikuwa nasikia kifua chake juu yangu kinavyovuta. Midomo ilikuwa inabadilika rangi. Nilimwambia tumwite Duane akanyage yeye, akasema, "Juu ni kazi yangu, chini ni kazi yako." Nikamuuliza, Baba, kosa liko wapi. Akatazama mbele kwenye kioo cha gari kama anayeendesha, akasema, "Wewe unaonaje?" Nikasema sioni. Akasema, "Basi endelea."

Jumapili hiyo hiyo Duane alikuja na kahawa, akainama kuangalia gurudumu la nyuma, akafungua mdomo. Baba akamwambia, "Duane, nenda ukaangalie mbwa wako anabweka." Duane hana mbwa, wake alikufa mwaka juzi. Wakatazamana, kisha Duane akaweka kahawa chini na kuondoka. Nilidhani wazee wamegombana tena kuhusu mpira.

Jumatatu asubuhi, kabla ya kwenda kuchukua watoto, nilifanya ninalofanya kila siku: nikazunguka basi, nikafungua koki chini ya tangi la hewa la breki, maji yaliyokusanyika usiku yakatoka. Yanatoka chini kwa sababu maji hukaa chini. Nikabaki nimeinama pale na mkono kwenye koki, na baridi ile, nikahisi mwili wangu wote unapata joto la aibu. Nilikuwa nimefunga vibanio vya kushoto kulia na vya kulia kushoto. Vyote vinne. Vilipokataa kukaa kwa namna nyingine nilivigeuza mpaka skrubu ikaangalia chini, na nikaona ndivyo inavyotakiwa, kwa sababu mikono yangu imezoea miaka yote hii kwamba unachotaka kutoa unakitolea chini. Lakini kule nilikuwa natoa hewa, na hewa hukaa juu. Ningezunguka magurudumu yale mpaka uzeeni na ile hewa ingebaki imekaa pale juu inanitazama. Na Baba angeendelea kukanyaga.

Mchana nilikwenda nikamkuta ameshakaa kwenye gari, mtungi umefungwa mkanda, ananisubiri. Nilipiga magoti mlangoni nikamwambia nilichofanya. Nilimwambia naomba radhi kwa siku mbili alizokanyaga bure na kifua kile.

Akasema, "Nilijua tangu Jumamosi asubuhi."

Nilidhani sikusikia. Akasema aliona vibanio vikiwa bado mikononi mwangu, kabla sijakaza hata nati moja. Nilikasirika, Tad, nilimfokea mgonjwa. Nilimwambia angeweza kufa juu ya pedeli lile, kwamba neno moja lingetosha, kwamba Duane alitaka kusema na yeye akamfukuza. Nilimuuliza kwa nini alinyamaza.

Ilimchukua muda kupata pumzi. Alikuwa anatazama mikono yake kwenye usukani. Kisha akasema maneno haya, na nayaandika kama alivyoyasema, kwa sababu nimeyabeba wiki nzima nikiendesha basi na sitaki yapotee:

"Mdomo wangu ulishamfukuza mtoto mmoja uani hapa kwa ajili ya breki hizi hizi. Niliapa hautafukuza wa pili. Ningekanyaga mpaka Krismasi, Berni. Ungekuja kuona tu mwenyewe."

Nikaelewa ule ukimya wote wa tangu Septemba. Haukuwa ugonjwa. Kila nati niliyoikosea aliiona, akaumeza ukali wake pale mlangoni na blanketi la Mama magotini, na ulimgharimu, kwa sababu unamjua yule mtu. Nililia nimeegemea mguu wake na yeye akanigonga gonga kichwani kwa kidole kama anayepima tikiti maji, maana hajui namna nyingine.

Akaniambia na lililobaki. Kwamba siku ile ya viazi yeye mwenyewe aliliona dimbwi kabla yako, na hakukwambia uguse breki zikauke, kwa sababu naye alisahau. Amelipitisha gari lile kwenye maji maisha yake yote na siku ile alisahau. Uliporudi na maboksi uani, akiwa na nyuzi juu ya jicho, alikuwa anajua kosa ni lake, na kadiri alivyojua ndivyo alivyopiga kelele. Mama alimuuliza mpaka anakufa kwa nini hakupigii simu. Alisema kila mara alikuwa na maneno tayari, na kila mara yalikuwa ya kulaumu, basi akawa anafuta diski badala ya kupiga simu. Gari ni lako. Ameshasaini. Alisema hataki upewe gari lisilosimama.

Jumatano nilivibadilisha vibanio vyote vinne, skrubu zikaangalia juu, tukaanza upya. La nyuma kulia likatoa hewa kama chupa ya soda. La nyuma kushoto. La mbele kulia. Nilihamia la mwisho, la mbele upande wa dereva, nikalala chini, nikaweka spana, nikasema kanyaga.

Kimya. Nikasema tena kanyaga, nikidhani amezimia, nikatoka haraka. Alikuwa amekaa sawa, mguu uko sakafuni.

Akasema, "Hilo liache. Hilo la Tad."

Nilimwambia simu hushiki. Nilimwambia Alaska si Saginaw hapo jirani, na kwamba huenda usije. Nilimkumbusha kwamba gurudumu moja likiwa na hewa gari zima halina breki, halitoki gerejini, na kwamba yeye mwenyewe anajua ni muda gani anao. Akasema anajua yote hayo. Akaniambia pia nisikwambie, nisikubembeleze, wewe ni mtu mzima. Hilo nimeamua kutomtii, na akijua nimeandika atanirushia spana, nami nitafurahi sana siku hiyo.

Tangu hapo kila mchana, akishakunywa supu, anakwenda gerejini na mbwa wake. Mtungi anaufunga mkanda, mlango anauacha wazi, mguu anaweka juu ya pedeli, na anakaa. Jana theluji ya kwanza imeanguka, nikamkuta ana kofia yako ile ya mchezo wa hoki ya shuleni, sijui aliitoa wapi. Nikamuuliza, Baba, unafanya nini humu kwenye baridi? Hakunigeukia. Alisema, "Namsubiri aliye chini aseme."

Sitakuandikia maneno ya kukuchoma moyo, kaka yangu. Ulikuwa na haki kuhusu breki, na amekubali, na wewe pia ulituacha, na hilo nalo ni kweli. Nimechoka kuhesabu nani alimkosea nani. Nakwambia tu vitu vilivyo hapa. Jeki iko chini ya gari upande wa kushoto. Spana ndogo nimeiacha sakafuni karibu na gurudumu, nimeifunga kwenye lile shati la kijani. Chupa ya mafuta ya breki ni mpya, sijaifungua. Ovaroli yako ipo msumarini, nimeifua, ingawa kwa picha niliyoona huenda kifungo cha tumboni kisifike. Huhitaji kuandaa hotuba wala kuomba radhi, wala hutaombwa. Ukifika usipite ndani kwanza. Ingia gerejini, lala chini, sema neno lile moja. Atajibu.

Duane anakusalimu, anasema funguo za trekta ulizoazima bado anazidai. Padri anakutaja kwenye sala, sijui kama unajali, lakini anakutaja kwa jina lako lote. Kaburi la Mama nimelisafisha kabla ya theluji na nimemwambia kwamba nakuandikia. Kitanda chako kina shuka safi. Nitaipeleka bahasha hii posta kesho kabla ya zamu ya asubuhi, halafu nitapita kumvalisha Baba soksi za sufu, ule mguu wa kulia hasa.

Nakubusu kwenye paji la uso, kama Mama.

Dada yako akupendaye,
Bernadine Kujawa